Anayefagia Chini ya Mti

Kuna desturi imeingia kimyakimya kwenye familia zetu na sijasikia mtu akiihoji. Mtu akishazikwa, wiki mbili tatu hivi baadaye, ndege anatua dirishani au kwenye kamba ya nguo. Anapigwa picha. Picha inatumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, na chini yake maneno: "Amekuja kutuangalia." Hapo zinafuata emoji za mioyo, viganja vya sala, na yule mtu mmoja wa kila grupu anayejibu "Amina" kwa kila kitu. Hakuna anayeuliza ni ndege gani. Mara nyingi ni njiwa, au shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia anayeamka kabla ya matatu ya kwanza. Sijawahi kuona mtu akituma picha ya korongo marabou wa pale Nyayo, na kipara chake na mfuko wake wa shingoni, akasema huyo ni guka.

Sicheki. Msiba ukikuingia unashika chochote kilicho karibu, na ndege huwa karibu. Mji huu wetu, pamoja na moshi na kelele zake zote, una ndege kupita kiasi: kaunti ya Nairobi peke yake imeandikishwa zaidi ya aina 600, na Kenya nzima zaidi ya 1,000. Hata wewe uliyezaliwa ghorofani na hujui jina la ndege yeyote isipokuwa kunguru na kuku, kuna sauti fulani ya asubuhi inayokurudisha mahali fulani. Kwa wengi wetu ni kwarara, yule anayepita juu ya paa saa kumi na mbili akipiga kelele kama mtu aliyeibiwa simu. Ukiisikia ukiwa mbali na kwenu, tumbo linajua kabla ya akili.

Swali langu ni lingine. Tukishamtundika marehemu juu ya ndege, tunamtendea nani haki? Na kuna nani tunamwibia?

Naanza na ndege wenyewe, kwa sababu kwenye hadithi hizi huwa wanasahaulika wa kwanza. Wa familia yetu ni kuzumburu. Pengine umewaona bila kujua jina. Ni rangi ya vumbi, wana kishungi kichwani, na mkia mrefu uliochakaa kama kamba ya viatu. Hawatembei mtini kama ndege wengine. Wanatambaa ndani ya majani kama panya, na vidole vyao vya miguu vinaweza kugeuka mbele au nyuma, kwa hivyo wananing'inia wanavyotaka. Jioni wanakusanyika tawi moja na kulala wamebanana, tumbo kwa tumbo, mpaka unafikiri ni mfuko umekwama mtini. Asubuhi ya baridi utawaona wamejianika juani vifua wazi, wanangoja miili ipate joto. Hawana wimbo wa maana, ni mlio mkavu tu. Ukoo wao mzima siku hizi uko Afrika peke yake, ingawa mifupa ya mababu zao imechimbwa Ulaya na Marekani. Wanakula matunda, maua, machipukizi na majani. Hasa machipukizi. Hapo ndipo Shosho anapoingia.

Shosho yangu aliishi Kinoo, kwenye ploti ya hamsini kwa mia, wakati Kinoo ilikuwa bado ni mashamba yenye nyumba na si nyumba zenye kamba za nguo. Ua wake ulikuwa wa kayaba, ile miiba yenye matunda ya manjano machachu. Jina hilo tumelifinyanga kutoka kwa "kei apple", na Kei ni mto wa Afrika Kusini. Katikati ya ua kulikuwa na mti wa lokwati. Asili ya lokwati ni Uchina. Yaani mti wa kumbukumbu zetu za kijijini ulikuwa Mchina, umezungushiwa ua wa Msauzi, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Chini ya mti na kuuzunguka, kila futi ya udongo ilikuwa na kazi: sukuma wiki, minji, dania, vitunguu vya majani. Mazao hayo Shosho aliyauza kando ya barabara, na yalisomesha watoto wanne. Si kwa mfano. Karo ilitoka kwenye beseni la sukuma.

Sasa fikiria mtu huyo akiamka asubuhi na kukuta kuzumburu kumi na wawili wamenyonyoa miche ya minji hadi shina.

Aliwachukia. Nataka neno hilo likae vile lilivyo. Alifunga utepe wa kaseti kwenye vijiti ili ulie kwenye upepo. Alitundika mikebe ya Kimbo. Tulipofunga shule alitugawia panda na kutuahidi shilingi tano kwa kila kuzumburu atakayeanguka. Mimi nilitoka likizo nzima na shilingi kumi, na hiyo ya pili nadhani alinionea huruma. Lokwati zikiiva alikaa kwenye stuli mlangoni na rundo la mawe kando yake, akiongea nao kwa Kikuyu maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Wakati mmoja mchungaji alikuja kumtembelea, akakuta maombi yanakatizwa na jiwe.

Shosho alifariki 2009. Na sijui ilitokea lini hasa, kwa sababu mambo haya hayatokei siku moja, lakini kufikia mwaka wa tano kuzumburu walikuwa wamegeuka "ndege wa Shosho". Anko wangu aliye Marekani ndiye aliyeandika hivyo kwanza, chini ya picha ya mti wa lokwati ukiwa umejaa mikia: "Ndege wa Shosho bado wako nyumbani." Tangu hapo kila mwaka siku ya kumbukumbu yake mtu hutuma hiyo picha au nyingine kama hiyo. Binamu zangu wadogo, ambao hawakumjua, wanaamini alikuwa bibi mpole aliyelisha ndege kiganjani. Mmoja amechora tatuu: mkono wa mwanamke mzee, juu yake kuzumburu. Kazi safi kabisa ya kalamu, mkia umechorwa vizuri. Nilipoiona nilikaa kimya muda mrefu sana.

Kwani kuna ubaya gani? Marehemu halalamiki, binamu amefarijika, na ndege amepata mapenzi ambayo hakuyapata maisha yake yote.

Mwanafalsafa wetu John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka wa 1969 katika African Religions and Philosophy kuhusu watu aliowaita wafu walio hai. Alitumia maneno mawili ya Kiswahili kuieleza hoja yake: Sasa na Zamani. Mtu akifa hatumbukii Zamani papo hapo. Anabaki Sasa maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina lake na aliyemjua yeye mwenyewe. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama kabisa kwenye Zamani, miongoni mwa roho zisizo na jina. Watu wengi huisoma hoja hiyo kama faraja: tumkumbuke, naye ataishi. Mimi naisoma kama sharti gumu. Anayepaswa kukumbukwa ni yeye, na hasira zake, na rundo lake la mawe. Tukimkumbuka bibi mwingine aliyependa ndege, basi tumempa mtu asiyekuwepo kiti cha Shosho, na Shosho mwenyewe tumemsukuma Zamani kabla ya wakati, huku tuliomjua tukiwa bado hai na simu zimejaa chaji.

Utaniambia kumbukumbu zote hulainika. Kweli. Hakuna anayesoma wasifu wa marehemu mazishini akataja madeni. Lakini kuna tofauti kati ya kunyamazia jambo na kuligeuza kinyume. Ukinyamaza kuhusu chuki yake kwa kuzumburu, umemwachia siri yake. Ukimfanya mpenzi wao, umefuta pia sababu ya chuki hiyo, na sababu ndiyo iliyokuwa Shosho. Chuki yake ilikuwa hesabu. Kila chipukizi lililoliwa lilikuwa senti fulani ya karo ya baba yangu. Mwanamke aliyelinda futi hamsini kwa mia kwa mawe ana heshima ambayo yule bibi wa tatuu hana.

Nikubali jambo moja kwa upande wa pili, kwa sababu linanisumbua. Mimi nina jina la Shosho. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na baba yangu ndiye kifungua mimba, kwa hivyo lilinifikia mimi. Tata yangu, dada mdogo wa baba, huniita "maitu", mama yangu. Nilikuwa na miaka mitatu na mtu mzima ananiita mama yangu, na nikaona ni sawa. Hakuna anayesema huo ni uongo. Hakuna anayedai nitupe mawe. Jina linapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu na kila mmoja anajua kwamba aliye mbele yake si yule aliyeondoka, na bado jina ni lilelile. Kwa nini basi kuzumburu asiruhusiwe hicho hicho? Kuzumburu wa leo si waliopigwa mawe 2005. Ndege wadogo kama hao hawaishi hivyo. Ni wajukuu, vitukuu, au hata wageni waliohamia tu kutoka ploti ya jirani. Wanakalia tawi lilelile na kufanya ujinga uleule. Hiyo ni namna ya kurithi jina.

Nimeligeuza swali hilo mara nyingi kwenye matatu ya Kinoo, na jibu langu ni hili. Jina langu lina mtu wa kulijibu. Tata akiniita maitu, mimi naweza kusema naam, naweza kukataa, naweza kumwambia leo niache. Na jina limekuja na kazi: mimi ndiye niliyempeleka Tata kliniki mwaka jana, kwa sababu mama humpeleka mtoto kliniki. Kuzumburu hakuambiwa. Hana wajibu wowote kwetu, na sisi, ukiangalia vizuri, hatujajipa wajibu wowote kwake. Tumempa cheo cha bibi kisha tukarudi kwenye simu.

Hapo ndipo Tata anapoingia, na ndipo jambo hili liliacha kuwa la falsafa.

Tata ndiye aliyebaki Kinoo. Ndugu zake watatu waliondoka: mmoja Marekani, mmoja Nakuru, na baba yangu Umoja, ambako hakuna ua wala mti. Tata hakuolewa, alimuuguza Shosho miaka sita, alimgeuza kitandani, alimwosha, alimfunga macho. Ploti bado ina jina la Shosho kwenye hati, lakini walikubaliana zamani kwamba Tata akae. Ana miaka sitini na mbili. Kioski chake cha mboga kimekufa tangu barabara ilipopanuliwa. Mwaka huu, mwezi wa tatu, alituma ujumbe kwenye grupu, mrefu, wa heshima, akieleza kwamba amepata fundi na mkopo wa chama, na anataka kukata mti wa lokwati ajenge bedsita nne. Bedsita Kinoo, pale aliko, huenda kwa elfu saba. Nne ni 28,000 kwa mwezi. Angelipa mkopo kwa miaka kadhaa kisha azeeke kama mtu.

Grupu ililipuka. Anko alisema huo mti ni mama. Binamu wa tatuu aliandika kwa herufi kubwa. Mtu wa Nakuru aliuliza, ati ndege wa Shosho wataenda wapi? Watu kumi na wanne, nilihesabu, waliweka emoji ya ndege. Simu ina ndege mmoja tu wa buluu kwa kazi hiyo, kwa hivyo Tata alijibiwa na ndege kumi na wanne wa buluu ambao hawajawahi kuonekana Kinoo.

Jumamosi iliyofuata nilienda kumwona. Alikuwa anafagia. Lokwati zikiiva, chini ya mti huwa ni uji: matunda yaliyong'olewa nusu, mbegu, kinyesi, nzi. Anafagia asubuhi na jioni kwa msimu mzima, na mgongo wake si wa kufagia tena. Nilimsalimia, akaniambia nikae, hakuacha kufagia.

"Maitu," akasema, "hawa ndege mnawapenda?"

Nikamwambia wengine wanawapenda.

"Wanawapendea wapi?"

Nilikosa jibu.

"Kwa simu," akasema. "Mimi nawapenda hapa chini." Akanionyesha ufagio.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba swali la kwanza la kuuliza kuhusu kumbukumbu yoyote inayotaka kuhifadhiwa, iwe mti, nyumba, kaburi au jengo la kale mjini, ni nani anayefagia. Kumbukumbu ina gharama kama kitu kingine chochote, na gharama hiyo ina tabia ya kuteremka hadi kwa mtu ambaye hakuondoka, kwa kawaida mwanamke, kwa kawaida asiyeolewa au mjane. Walioenda mbali hubaki na utamu wake. Kadiri ulivyo mbali ndivyo mti unavyokuwa mtakatifu. Na sisemi walio mbali hawana uchungu. Anko wangu hakuweza kuja mazishini kwa sababu ya karatasi, na najua picha ile ya kuzumburu kwake ni kaburi ambalo hajawahi kusimama kando yake. Uchungu wake ni wa kweli. Lakini uchungu wa kweli haukupi haki ya kumtumia dada yako kama mlinzi wa makumbusho bila mshahara.

Ningeweza kuishia hapo na Tata angekuwa ameshinda. Lakini kuna rafiki yangu wa Mombasa aliyeniharibia.

Nilimweleza hadithi hii nikijiona nimefika mahali. Akaniambia: kwetu ni kunguru. Kunguru wa India, yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akazaana, akavuka, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa Mombasa. Rafiki yangu hajawahi kuamka Majengo bila kunguru. Sauti ya kunguru kwake ni mama yake anachoma viazi karai, ni madrasa, ni mabati yanapata moto. Mwaka wa 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipotangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja, alishangaa kujikuta ana huzuni. Alijua sababu zote. Kunguru huyo huvunja viota, hula mayai na makinda, hufukuza chozi na kwera na ndege wengine wadogo. Anachafua hoteli, anaiba hadi samaki wa mchuuzi. Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Bibi yangu alikuwa anataja ndege wa uani ambao mimi sijawahi kuwasikia. Nilidhani ni hadithi za wazee. Kumbe kunguru wangu ndiye aliyewala."

Kumbukumbu yake tamu ilikuwa imekaa juu ya kimya cha kumbukumbu ya bibi yake. Asingeweza kukijua kimya hicho kwa sababu alizaliwa ndani yake. Kila kizazi kinachukua kilichokuta na kukiita mwanzo wa dunia.

Ndipo nikaiona Kinoo vingine. Tata ana haki ya kukata lokwati. Jirani wa kushoto alikuwa na haki pia. Alikata mparachichi wake 2016 akajenga ghorofa tatu. Jirani wa nyuma alikuwa na mtoto wa kupeleka chuo. Hakuna hata mmoja aliyeamua kwamba Kinoo isiwe na ndege. Kila ploti ina hadithi yake ya haki, na ukizijumlisha zote unapata ukuta mmoja mrefu wa mawe ya Ndarugo kutoka Waiyaki Way hadi mtoni. Mtoto atakayezaliwa kwenye bedsita ya Tata ataamkia jenereta na spika za kanisa, na siku moja sauti hizo zitamtoa machozi akiwa mbali. Atakuwa na kila haki ya kulia. Hatajua kulikuwa na viumbe waliolala tumbo kwa tumbo pale juu ya kichwa chake.

Na kuzumburu wenyewe? Tumewaongelea kama mizigo ya hisia zetu, lakini wao wana shughuli zao. Wanalea kwa kusaidiana; vijana wa mwaka uliopita hubaki kulisha makinda ya wazazi wao. Wakipoteza mti hawapotezi kumbukumbu, wanapoteza mahali pa kulala usiku wa mwezi wa saba, na mwili mdogo wa kuzumburu ukikosa wenzake wa kubanana nao hupoa haraka. Hilo lina uzito, na ni uzito ambao hauhusiani na Shosho hata kidogo. Kama anko angeandika, "Ndege hawa wana haki ya kulala," ningempa sikio. Aliandika, "Huo mti ni mama."

Nadhani kosa letu ni kudai kwamba gharama ya ndege wote wa mji ibebwe na ploti moja moja, na huruma ya mtu mmoja mmoja mwenye mgongo mbovu. Ukitaka kuona namna nyingine, nenda Karura. Msitu ule una zaidi ya hekta 1,000 na uko hai kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikataa ugawanywe kwa wajenzi, na Januari 1999 alipigwa hadi damu pale langoni akijaribu kupanda mti. Leo unalipa kiingilio unaingia, na kiingilio hicho ni ufagio uliogawanywa kwa watu wengi. Kuna pia watu ambao tangu 1971 wamekuwa wakitembea kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Nairobi kuangalia ndege, matembezi yaliyoongozwa miaka mingi na Fleur Ng'weno. Wanaandika walichokiona. Hawasemi ndege ni nani. Wanasema ni ndege gani, wangapi, wapi. Zamani niliona hiyo ni kazi kavu ya wastaafu wenye darubini. Siku hizi naiona kama adabu. Kumtambua ndege kwa jina lake mwenyewe ni kumwondolea mzigo wa kuwa mtu wako.

Kiota kimoja Karura hakimlipi Tata kitu, najua. Wala hakimrudishii anko mazishi.

Nilichofanya ni hesabu, kama Shosho. Niliandika kwenye grupu, kwa heshima zote, kwamba bedsita nne ni 28,000 kwa mwezi, na waliotaka mti ubaki ni kumi na wanne, kwa hivyo ni 2,000 kwa kila mtu kila mwezi, itumwe moja kwa moja kwa M-Pesa ya Tata, tarehe tano. Mti ukae, ndege wakae, na mtu wa kufagia aajiriwe humo humo. Niliongeza kwamba mimi sikuweka emoji lakini nitatoa 2,000 yangu pia, kwa sababu napenda kuwaona wakijianika.

Usiku huo nilimwona anko anaandika. Akaacha. Akaandika. Akaacha. Saa nane usiku akatuma 5,000 kwa Tata bila neno lolote kwenye grupu. Binamu wa tatuu akatuma 2,000. Baba yangu akanipigia simu akaniuliza kama nimeanza kuwa mkorofi, halafu akacheka, akasema nimeongea kama mama yake, na naye akatuma. Mwezi wa nne zilifika 13,000. Mwezi wa tano, 6,000. Mwezi wa sita nilituma mimi, na binamu.

Tata hajalalamika. Amenunua reki ya chuma badala ya ufagio, anasema inamfaa mgongo. Alinikumbusha pia, bila kuulizwa, kwamba ni yeye aliyekuwa akiokota yale mawe ya Shosho kila jioni na kuyarudisha kwenye rundo, kwa sababu Shosho hakutaka kuinama. Miaka yote hiyo nilidhani rundo lilijijaza.

Jumamosi iliyopita fundi alikuja na kamba na vijiti. Msingi wa bedsita mbili za kwanza utapita upande wa ua wa kayaba, na hizo zinaweza kujengwa mti ukiwa umesimama. Za tatu na nne haziwezi. Alipima upande wa kwanza akafika kwenye lokwati, akasimama pale chini na kamba mkononi. Juu yake kulikuwa na kuzumburu saba hivi, wananing'inia, wanamwaga maganda. Akamuuliza Tata kama apime mti ukiwa ndani au ukiwa nje.

Tata akaniangalia mimi kwanza, kisha akaangalia simu yake, kisha akamwambia, "Pima zote mbili, uniandikie bei."